Bodi za amplifaya ya chipu: ipi ununue, na kwa nini utazame graundi kabla ya wati

Ujumbe ninaoletewa kuliko wowote ule kuhusu amplifaya za chipu, zile zinazokuza sauti kwa chipu moja, ni huu: nimenunua bodi, nimeifunga, inapiga vizuri, lakini muziki ukinyamaza spika zinavuma. Kisha mwenye ujumbe anataja alivyokwisha kubadilisha: kapasita kubwa zaidi, waya nene zaidi, chipu nyingine ya aina ileile, wengine hadi transfoma. Mvumo uko palepale. Mimi huomba picha moja tu, ya upande wa chini wa bodi, zinakopita njia za shaba. Mara nyingi jibu limo humo. Bodi ilikuwa na kasoro tangu ilipochorwa, na hakuna kapasita ya kuiponya.

Kwa hiyo sitaanza na wati. Wati kila muuzaji anaziandika, tena kwa herufi kubwa. Wala sitakaa kwenye takwimu za upotoshaji wa sauti, kwa sababu chipu nzuri za leo zikifungwa sawasawa zinazidi uwezo wa spika nyingi majumbani. Nitakaa kwenye graundi, yaani njia ya pamoja ambayo umeme hurudia, maana hiyo ndiyo inayotenganisha amplifaya ya kufurahia na ya kuwekwa kabatini.

Daraja la daiodi, linalogeuza umeme wa transfoma kuwa wa upande mmoja, halijazi kapasita kwa mtiririko laini. Huzijaza kwa mishtuko mifupi, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Chipu kama LM3886 hula karibu miliampea 50 hata muziki ukiwa kimya, na kwa kuwa kila mshtuko ni mfupi, kilele chake huwa mara kadhaa ya hapo, tuseme nusu ampea. Sasa tazama shaba. Kwenye bodi ya kawaida unene wake ni maikromita 35, na njia yenye upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 60 ina ukinzani wa karibu omu 0.01. Unaweza kudhani si kitu. Lakini nusu ampea ikipita humo inaacha milivolti 5. Kama graundi ya ingizo (sauti inapoingilia) au rezista ya fidbeki (inayopanga ukuzaji) imeshikizwa kwenye ncha ya njia hiyohiyo, chipu inazipokea zile milivolti 5 kama sehemu ya muziki, inazikuza mara 21, na spika inapata zaidi ya milivolti 100 za mvumo. Huo utausikia ukiwa umekaa kitini. Ukipandisha sauti, mishtuko inafika ampea kadhaa, na volti nzima ya uchafu inaweza kupita chini ya muziki bila wewe kujua kwa nini besi imekuwa nzito na chafu.

Ndiyo maana nasema: usinunue bodi ambayo hujaona mgongo wake. Ukipata picha, tafuta mahali kapasita mbili kubwa zinapokutana, chanya ya moja na hasi ya nyingine. Hapo ndipo kitovu. Waya wa katikati wa transfoma lazima ufike hapo kabla ya kufika kwingine kokote. Kutoka kitovuni itoke njia yake ya kurudishia umeme wa spika, nyingine ya kapasita ndogo zilizo karibu na chipu, na nyingine safi, hata ikiwa nyembamba, ya ingizo na fidbeki pekee. Ukiona njia ya kutoka kwenye daiodi inapita kwenye soketi ya ingizo kabla ya kufika kwenye kapasita, acha. Ukiona shaba imemwagwa bodi nzima na kila kitu kimetumbukizwa humo popote palipokuwa karibu, acha pia, hata kama picha ya juu inapendeza.

Bodi za stereo zina mtego wa ziada. Pande mbili za sauti, kushoto na kulia, zikitumia usambazaji mmoja wa umeme, graundi zao zinakutana kwenye kapasita na zinakutana tena kwenye waya za ingizo, na duara la kupitisha mvumo linakamilika. Ili kulidhoofisha, bodi iliyofikiriwa vizuri ina rezista ya karibu omu 10 kati ya graundi ya ingizo na graundi kuu. Ni kitu kidogo kabisa, na ndicho cha kwanza ninachokitafuta. Lakini tuelewane: rezista hiyo ni ya graundi ya sauti tu. Boksi la chuma linaunganishwa na waya wa ethi (ule wa usalama wa umeme wa ukutani) moja kwa moja, kwa skrubu na nati, bila rezista yoyote katikati. Anayekata waya wa ethi ili kuua mvumo anahatarisha uhai wa watu wa nyumbani kwake.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni LM3886, na sifichi kwamba naipendelea. Ilitengenezwa na National Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, na hadi leo sijaona chipu ya kundi hili inayomrahisishia kazi mchoraji wa bodi kama hii. Angalia miguu yake: umeme na njia ya spika viko kwenye mguu wa 1, 3, 4 na 5, ingizo liko kwenye wa 9 na wa 10, upande wa pili kabisa. Chipu yenyewe imeshakutenganishia uchafu na usafi. Mchoraji anayeharibu graundi kwenye LM3886 ameharibu kwa kutojali.

Kwa umeme wa volti 28 chanya na 28 hasi inatoa wati 38 kwenye spika ya omu 8, na 68 kwenye omu 4. Hizo ni wati za kweli. Ina ulinzi wa ndani dhidi ya joto na dhidi ya waya za spika kugusana. Nunua yenye herufi TF mwishoni, kwani mgongo wake ni wa plastiki na unaukaza kwenye hitsinki (chuma cha kupoozea) bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme. Yenye T pekee mgongo wake ni chuma kilichounganishwa na umeme hasi. Ukiikaza bila kizuizi kwenye hitsinki iliyogusa boksi, umepiga shoti. Kagua pia mguu wa 8: usipovuta walau nusu miliampea kutoka hapo, chipu inabaki bubu. Mafundi wengi hudhani wameuziwa chipu iliyokufa, kumbe rezista ya mguu huo haikuwekwa au ni kubwa mno kwa volti walizonazo.

Nunua bodi tupu kwa mchoraji anayeonyesha mchoro wake, na chipu kwa wakala aliyeidhinishwa na kiwanda. Transfoma usishauriwe na muuzaji wa bodi, kwa sababu atakupa ya volti 25 mara mbili ili aweze kuandika wati nyingi. Hiyo baada ya daiodi inakuwa kama 35 chanya na 35 hasi. Kwa spika ya omu 8 sawa, chipu itakuwa na joto la juu kabisa la wati 31 za kuondoa. Kwa omu 4 zinakuwa 62, ulinzi unaanza kukata, na muziki unapasuka kila besi inapogonga. Mwenye spika za omu 4 achukue transfoma ya volti 18 mara mbili, atapata nguvu ya kutosha na utulivu.

Ya pili ni LM1875, ya nyumba hiyohiyo. Miguu mitano tu, wati 20 kwa volti 25 chanya na hasi. Kwa chumba cha kawaida na spika zisizo nzito, wati 20 ni nyingi kuliko watu wanavyoamini, na vipande vikiwa vichache, njia za graundi zinakuwa fupi. Ufupi huo ndio uliozijengea jina amplifaya hizi tangu mwanzo. Gaincard ya 47 Laboratory ya Japani, iliyotoka mwaka 1999 ikiwa na LM3875 ndani, ilisifiwa kwa vipande vichache na njia fupi za sauti. Waigaji wengi wakaiga boksi na kuacha hesabu ya njia.

Tatizo la LM1875 ni wauzaji. Miguu yake imepangwa sawa kabisa na ya TDA2030, chipu ya bei ya chini, kwa hiyo kuna wanaofuta maandishi ya ile rahisi na kuchapa ya ile ghali. LM1875 halisi inavumilia volti 60 kwa jumla. TDA2030 ya kawaida inaishia 36. Ukiipa 50, inakufa hapohapo, na ikifa huweza kupeleka umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye spika. Mtu anapoteza chipu, spika na moyo wa kuendelea. Kisha muuzaji anamjibu kwamba amefunga vibaya! Hili linaniudhi kuliko jambo lolote katika biashara hii, kwa sababu anayeumia ni mwanafunzi aliyeanza jana, asiye na kifaa cha kupimia wala ujasiri wa kubishana.

Ya tatu, TDA7293 ya STMicroelectronics. Ina nguvu, inaendeshwa kwa volti nyingi kuliko LM3886, na unaweza kuunganisha mbili zifanye kazi kama moja kwa spika ngumu. Naiweka chini kwa sababu ina miguu 15 iliyobanana, na bodi nzuri kwa ajili yake ni chache. Zile wati 100 zinazotajwa zilipimwa sauti ikiwa imepotoshwa kwa asilimia 10, kiwango ambacho hakuna anayesikilizia muziki. Mgongo wake nao uko kwenye umeme hasi, kwa hiyo maika ni lazima.

Ya nne ni bodi za TPA3116D2, zile zisizopata joto sana na zinazotumia adapta moja. Wati 50 kwa kila upande kwenye omu 4 kwa volti 21. Kwa redio ya kubebeka au meza ya kazi zinafaa sana. Onyo moja: waya zote mbili za spika zina umeme. Usiunganishe ule mweusi na boksi wala na graundi ya upande wa pili. Vipande vyake ni vidogo mno kwa anayependa kubadilisha, na graundi aliyoipanga mchoraji ndiyo utakayoishi nayo.

TDA2030A: ya kujifunzia kulehemu. Basi.

Kuhusu marekebisho, watu hutumia fedha nyingi kwenye kapasita zenye majina ya kifahari, na wauzaji wanazichochea kwa maneno kama “sauti ya asali”. Fedha hiyo ielekeze kwenye mambo yasiyopigiwa debe. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae milimita chache tu kutoka miguu ya umeme, na kando yake iwepo nyingine ya maikrofaradi 100. Kama bodi imeziweka mbali, zilehemu chini, moja kwa moja kwenye miguu. Rezista ya fidbeki nayo iwe karibu na chipu. Na ile kapasita iliyo kati ya rezista ya fidbeki na graundi, ambayo wengine huitoa wakidai sauti inafunguka, iache. Bila hiyo, chanzo kinachovuja milivolti 50 za umeme wa moja kwa moja kitasukuma volti moja kwenye spika yako saa zote. Usishushe ukuzaji chini ya mara 10 pia. LM3886 na LM1875 hazitulii huko, zinaanza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia, na unachokiona ni hitsinki ya moto bila muziki.

Hitsinki zinazofungwa pamoja na seti ni aibu. Kipande cha aluminiamu cha ukubwa wa kiberiti kwa chipu inayopaswa kuondoa wati 30 za joto, na mnunuzi amelipia kila gramu ya usafirishaji. Afadhali wauze bila hitsinki na wamwambie mtu ukweli kwamba atafute yake. Vilevile bodi isiyokuja na mchoro wa saketi haistahili bei yoyote. Anayeficha mchoro wa chipu ambao kiwanda chenyewe kimeutoa bure kwenye karatasi zake anaficha jinsi alivyopanga graundi.

Bodi ikifika, ijaribu mapema, siku za kurudisha zikiwa bado zipo. Washa mara ya kwanza ukiwa umeunganisha taa ya zamani ya nyuzi (si LED) ya wati 60 mfululizo na umeme wa ukutani, bila spika. Taa iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima utafute shoti. Ikififia, unganisha ingizo na graundi yake kwa waya mfupi, kisha pima kwenye vituo vya spika. Umeme wa moja kwa moja usizidi milivolti 50. Halafu geuza mita ipime umeme geu (AC): milivolti moja au mbili, funga spika uendelee. Ukisoma makumi ya milivolti huku ingizo limefungwa, usianze kununua kapasita. Piga picha ya mita, piga picha ya mgongo wa bodi, na uirudishe kwa muuzaji.