Nusu rafu kwenye tanuri la magadi: vikombe 16, buli moja na kifuniko kilichogoma

Nikisema nachoma vyombo kwa soda, watu hudhani nazungumzia kinywaji. Basi nasema magadi: yanapulizwa ndani ya tanuri linalowaka, na mvuke wake unavivisha vyombo kioo. Niko mwaka wa pili wa masomo ya ufinyanzi, na tanuri letu darasani ni la umeme. Magadi yangetafuna nyaya zake na mimi ningefukuzwa. Ndiyo maana nikakodi nusu rafu kwenye karakana moja yenye tanuri la gesi, inayowachomea wengine vyombo vyao.

Nilipeleka vikombe 16 vya udongo uleule, vyote vimeshapita mchomo wa kwanza, pamoja na buli moja niliyoipenda kupita kiasi. Vikombe vinane nilivichovya kwenye uji wa kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi), vinne kwenye uji wenye chuma, vinne nikaviacha vitupu. Ndani vyote nilivipaka glezi, ule mpako unaoyeyuka kuwa kioo, kwa sababu mvuke wa magadi hauingii vizuri kwenye chombo chenye mdomo mwembamba.

Kilichonifurahisha mapema ni swali la fundi. Alikishika kikombe cha kwanza, akakizungusha, akauliza, "Huyu unataka autazame moto kwa upande gani, dada?" Sikuwa na jibu. Nilidhani nimelipia nafasi, kumbe nilichokuwa nanunua ni mwelekeo. Chumvi, ile ambayo wafinyanzi wa Ujerumani wameitupa tanurini kwa karne nyingi, husambaa na kufika hadi mafichoni, ila hutoa moshi wenye asidi unaokaba koo. Magadi hayana moshi huo, lakini ni mavivu. Hutua pale ndimi za moto zinapoyapeleka, na upande wa kisogo hauambulii kitu. Nikamwambia apange anavyoona, vinane karibu na njia ya moto, vinane nyuma ya vyombo vya wenzangu.

Wateja wanaruhusiwa kusimama pale siku ya mchomo, na hapo ndipo huduma hii inapopata alama zake nyingi. Koni ya 9, kijipembe cha udongo kinachoinama joto likifika kiwango chake, ilipoanza kuinama, fundi aliyeyusha magadi kwenye maji moto, akayatia kwenye bomba la kupulizia lenye shingo ndefu, akawa anapuliza kidogo kidogo kupitia matundu ya pembeni. Kilo mbili, kwa muda wa saa mbili hivi. Kila akipuliza tanuri linafoka, moto unachungulia nje, kisha unarudi.

Katikati ya kazi alinipa chuma kirefu nivute pete. Hizi ni pete ndogo za udongo zinazopangwa mbele ya tundu la kuchungulia ili zitoe habari za ndani. Ya kwanza ilitoka ikiwaka rangi ya machungwa. Nikaidumbukiza kwenye ndoo ya maji, ikalia tss, nikaipapasa ilipopoa: kavu, inakwaruza. Ya pili ilikuwa na mng'ao upande mmoja tu. Ya tatu ilikuwa na vijishimo vidogo juu ya kioo chembamba, kama ngozi ya chungwa. Fundi aliigeuza mara mbili akasema, "Bado raundi moja." Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza sodiamu ya magadi inavyoikamata silika, madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, na kuigeuza kioo vizuri kama pete zile tatu.

Tanuri lilifunguliwa baada ya siku mbili. Vikombe vya kaolini vilivyoutazama moto vilikuwa na wekundu wa kutu unaofifia taratibu hadi kuwa weupe wa maziwa mgongoni, na kwenye kimoja kivuli cha mpini wa jirani kilijichora waziwazi. Kaolini ina alumina nyingi, madini yasiyoyeyuka kirahisi, hivyo haikubali kugeuka kioo upesi, inashika haya tu. Vile vitupu vilipata kioo kinene cha kijivu. Vile vya chuma vilikuwa vyeusi visivyo na la kusema, na kosa hilo ni langu.

Sasa malalamiko. Kati ya chombo na rafu, na kati ya kifuniko na chombo, huwekwa vitonge vya kaolini na alumina ili magadi yasigandishe. Kifuniko cha buli langu kiliwekewa vitonge vitatu vidogo mno, kikashikana na mdomo. Kijana wa pale akakigonga kwa mpini wa nyundo, mdomo ukamegeka. Jibu nililopewa: "Magadi ndivyo yalivyo." Kikombe kimoja kilidondokewa na tone la kijani kutoka darini, na hilo nakubali, tanuri la magadi likizeeka hudondosha. Kifuniko nakataa. Kile ni kitonge kilichofanyiwa ubahili.

Nyota nne. Nimeshaweka nafasi ya mchomo ujao. Vitonge nitaviviringisha mwenyewe nyumbani, na chini ya kila kikombe nitachora mshale kwa oksidi ya chuma, ili fundi akiuliza tena aangalie kitakoni.