Picha za zamani za Ruaha katika duka moja la Iringa: chukua kadi, fremu ziache

Ukiingia katika duka hili la vitu vya kale karibu na soko kuu, usisimame mbele ya ukuta wa fremu. Omba boksi la kadi za posta lililo chini ya meza. Humo ndimo ulimo mto Ruaha Mkuu wa enzi za Mjerumani: mibuyu ukingoni, mitumbwi, maji yamejaa tele. Tangu 1993 mto huu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa hiyo kadi hizi si pambo tu la sebuleni.

Kasoro kubwa ni kwamba kadi halisi na nakala zimechanganywa, na zote ni shilingi 25,000. Kwa kadi halisi hiyo ni bei nzuri sana. Kwa nakala ni kutupa hela. Kabla ya kupatana bei, shika lenzi ya sonara inayokuza mara kumi.

Kadi nyingi za wakati ule zilichapwa kwa kolotaipi, yaani kwa bamba la kioo lililopakwa jelatini. Jelatini ikikauka husinyaa, na wino hushika kwenye mikunjo yake. Chini ya lenzi, anga juu ya mto huonekana kama vijinyuzi vilivyopindapinda, bila safu. Nukta nyeusi zilizojipanga kwa safu bado zinaweza kuwa za zamani. Lakini picha ya kahawia ikionyesha nukta za samawati, njano na waridi, hiyo ni nakala ya juzi, irudishe bokseni. Tochi ya kukagulia noti nayo inasaidia: karatasi ikiwaka weupe wa bluu, si ya enzi za Mjerumani.

Kisha geuza nyuma. Mstari unaotenga ujumbe na anwani uliruhusiwa Ujerumani mwaka 1905, na mwaka huohuo, katika koloni, stempu zenye thamani ya heller zilichukua nafasi ya zile za pesa, sarafu ndogo ya awali; kwa hiyo mstari na stempu vinakusaidia kujua kadi ni ya kabla au baada ya 1905. Maandishi ya penseli ya muuzaji usiyategemee, maana amechanganya Ruaha Mkuu na Ruaha Mdogo unaopita mjini Iringa. Soma yaliyochapwa.

Bora kuliko zote ni picha ya bonde la Mtera kabla ya bwawa. Ukingo wa mchanga unaoonekana humo sasa uko chini ya maji. Ukiinamisha picha, kingo zake zinametameta kama bati: ni fedha iliyopanda juu ya karatasi kwa umri. Usiisugue.

Fremu, shilingi 60,000, hatuzipendekezi hata kidogo. Picha imegandishwa kwa gundi ya mbao kwenye kadibodi ya kawaida, ambayo asidi yake huigeuza karatasi kuwa kahawia, tena imelala moja kwa moja kwenye kioo. Ipeleke Tukuyu kwenye mvua, unyevu utaibandika kiooni, na kuibandua ni kuichana. Fundi akutengenezee upya: kadibodi isiyo na asidi, pembe za karatasi za kushikia, nafasi ya milimita 3 kutoka kwenye kioo, na itundikwe ukuta wa ndani usiopigwa jua.

Muuzaji ni mtu mwema, anakuruhusu utoe kadi kwenye mfuko wake uitazame mlangoni. Nenda asubuhi: taa ya dukani ni ya manjano, na madoa ya ukungu hayaonekani kabisa chini yake.