Kinanda cha mabomba kilichotiwa umeme: mlio safi, kazi ya kulipua

Nianze na haki ya mafundi waliotia umeme kinanda cha mabomba cha kanisa letu. Ile mirija ya risasi iliyokuwa ikipeleka hewa kutoka kwenye vitufe hadi kwenye masanduku ya mabomba imetolewa, nyaya zimewekwa badala yake, na ule uchelewaji wa zamani umekwisha. Ukibonyeza, bomba linalia papo hapo, hata yale ya mbali kabisa. Kompyuta ya kuhifadhi mipangilio ya stopu, yaani vishikio vya kuchagua safu za mabomba, nayo ni neema kwa mpigaji. Mabomba yenyewe waliyafuta vumbi tu bila kugusa midomo yake, na hapo walitumia busara. Wiki zile za mwanzo ningewapa nyota tano bila kusita.

Kisha noti ya La ikaanza kulia yenyewe katikati ya ibada.

Wala si bomba moja. Ni La ileile kwenye kila stopu ya kibodi ya juu, na haikomi mpaka urudishe stopu zote za kibodi hiyo. Anayevijua vinanda hivi ameshaanza kuelewa. Ingelia kwenye stopu moja tu, ungetafuta kiwambo cha ngozi (utando unaoendesha vali) au vali iliyo chini ya bomba hilo. Ikilia kwenye stopu zote, ubovu uko kwenye kitufe, waya au sumaku ya noti, ile inayopokea umeme wa kitufe na kufungulia vali za noti hiyo. Kata umeme wa sumaku huku feni ikiendelea kupuliza: ikinyamaza, kagua mguso wa kitufe na saketi. Hii haikunyamaza. Basi ni ndani ya sumaku, kwenye kile kisahani cha chuma kinachoziba tundu la kutolea hewa. Kisahani hicho husogea nusu milimita au pungufu. Punje moja ikikaa hapo, tundu halizibiki, hewa inavuja, na vali za noti hiyo zinabaki wazi.

Nilipofungua kifuniko nilikuta unga wa mbao. Unga mbichi, mweupe, wa drili! Walitoboa masanduku ili kupachika sumaku, wakayafunga bila kufyonza vumbi. Feni ikiwaka, upepo unaubeba unga huo na kuupeleka kwenye kila tundu. Leo ni La, Jumapili ijayo ni Fa.

Walipopigiwa simu, fundi wao akajibu, "Zimeni, subirini kidogo, washeni tena." Hakuuliza ni noti gani. Hakuuliza kama inalia kwenye stopu moja au zote, na hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote wa vinanda. Kuzima na kuwasha hukinyamazisha kisahani kwa muda, lakini unga unabaki palepale. Alipoelezwa hivyo, akasema vinanda vya zamani ndivyo vilivyo. Vya zamani? Sumaku hiyo wameileta wao!

Hata hivyo, noti moja husafishwa kwa dakika chache: fungua kifuniko, toa kisahani, pitisha karatasi safi kwenye kikalio chake, rudisha. Kwa hilo peke yake ningeishia nyota tatu.

Kilichonichafua roho ni gundi. Viwambo vipya vya ngozi ya kondoo wamevibandika kwa gundi nyeupe ya useremala. Ngozi huchakaa baada ya miongo kadhaa, hilo linajulikana, na ndiyo maana mafundi hutumia gundi ya moto itokanayo na ngozi za wanyama: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinaibandua na mbao inabaki salama. Gundi nyeupe huingia kwenye nyuzi za mbao. Atakayekuja kubadilisha ngozi atalazimika kukwangua, kikalio kitapoteza usawa, na hewa itavuja daima. Kinanda cha kanisa la Saint-Sulpice, Paris, alichokamilisha mtengenezaji vinanda Mfaransa Cavaillé-Coll mwaka 1862, bado kinafanya kazi na nyenzo zake za Barker zinazotumia hewa kumpunguzia mpigaji uzito wa vitufe. Kimedumu hadi leo kwa sababu kinarekebishika. Hiki chetu wamekifungia njia.

Malipo ya mwisho hayajatoka. Kabla hayajatoka, masanduku yote yafunguliwe na kufyonzwa, kila sumaku isafishwe, na viwambo vibandikwe upya kwa gundi ya moto kwa gharama yao. Kwa sasa ni nyota mbili. Wakikataa kugusa gundi, moja.