Star Trek: The Motion Picture (1979): wamerudi, lakini si kama walivyoondoka

Nimeangalia toleo la mwongozaji Robert Wise, lile lililosafishwa upya mwaka 2022. Wanaosema filamu hii inakokota hawajaisingizia. Ni zaidi ya saa mbili, na katikati pale ni watu kukodolea macho wingu kubwa la anga za juu kwenye skrini tu. Mdogo wangu alikwenda kuoga, akarudi, akakuta wingu bado lipo.

Mimi nilifuata watu, na hapo sikupunjwa. Tamthilia ya televisheni iliisha 1969, na miaka kumi baadaye wote wanakutana tena, ila usitegemee kukumbatiana. Kirk, nahodha wa zamani wa chombo cha angani Enterprise, sasa ni admeri aliyechoshwa na kazi za mezani. Wingu linapoielekea Dunia, anapata sababu ya kumpokonya nahodha mpya, Decker, chombo hicho alichokuwa akikiandaa. Haichukui muda aibu kumfika: anaamuru silaha zifyatuliwe, Decker anaitengua amri ile mbele ya kila mtu, na kumbe Decker ndiye aliyekuwa sahihi, maana Enterprise imefumuliwa ikaundwa upya na Kirk haijui. Baadaye daktari McCoy, ambaye karudishwa kazini kwa lazima na ndevu zake, anamwambia Kirk ukweli bila kumpaka mafuta.

Spock, ofisa wa sayansi anayezizuia hisia zake, ndiye aliyeniweka. Anaingia, wenzake nyuso zinachanua, yeye hata salamu hana, anaulizia injini. Nilimkasirikia kabisa. Kisha ije ile sehemu ya zahanati, akiwa amelala baada ya kugusana akili na V'Ger, ile mashine yenye akili iliyomo ndani ya wingu: anacheka kidogo, anaushika mkono wa Kirk na kuung'ang'ania. Basi, hicho tu, na kwangu kilitosha kufidia lile wingu lote.

Muziki wa Jerry Goldsmith usiusikilizie kwenye spika ya simu, tafadhali. Scotty, mhandisi mkuu, anapomzungusha Kirk kuitazama Enterprise gatini, dakika kadhaa zinapita karibu bila neno, na muziki ndio unaosimulia kila kitu.

Sare zao zinafanana na nguo za kulalia, hilo nasamehe. Nisichosamehe ni Uhura, Sulu na Chekov, wenzao wa tangu enzi za televisheni, kuitwa kwenye sherehe yao wenyewe halafu wakaachiwa makombo ya maneno. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili yao.