Uzoefu wangu: kusomea urubani Wilson, Nairobi

Mimi ni mtu wa Mombasa, na urubani nimeusomea Nairobi, katika shule moja iliyoko uwanja wa ndege wa Wilson. Jina la shule nalihifadhi, maana walimu walionifundisha bado wapo na nawaheshimu. Kama ni nyota, walimu nawapa tano, ndege tatu, na ofisi ya uhasibu moja, tena kwa kuwaonea haya.

Kila anayenipigia simu kuuliza habari za shule huanza na bei ya saa moja ya kuruka. Bei hiyo ndiyo itakayokudanganya. Leseni ya binafsi, PPL, inataka angalau saa 40, kumi kati yake ukiwa peke yako ndani ya ndege. Ya biashara, CPL, kwa njia ya kawaida ni saa 200. Basi mtu anachukua bei, anazidisha kwa 40, anamwambia mzee nyumbani kiasi fulani kinatosha. Hakitoshi. Sikumjua mwanafunzi hata mmoja aliyemaliza na 40 kamili.

Sababu ya kwanza ni uwanja wenyewe. Wilson kuna shughuli. Asubuhi ndege za watalii wa Maasai Mara zinapoanza kutoka, wewe na Cessna 172 yako, ndege ndogo ya mafunzo, mnapanga foleni nyuma ya ndege kubwa zaidi, Caravan na Dash 8, propela inazunguka, mnara wa kuongozea ndege unakwambia usubiri. Hapo hujifunzi kitu ila saa ya Hobbs, kipimo cha muda ambao injini inawaka, inahesabu, na bili inafuata Hobbs. Kuna shule zinazotoza kwa tacho, ambayo hufuata mizunguko ya injini, kwa hiyo ukiwa umesimama hutembea polepole. Uliza mapema ni ipi, na uliza mazoezi ya kuruka na kutua hufanyiwa wapi. Walimu wetu wenye huruma walitupeleka kiwanja cha Orly, upande wa Kajiado. Huko unatua, unaruka, unatua tena, na pesa yako unaiona inafanya kazi.

Ya pili ni ndege kulala hanga, yaani banda la matengenezo. Kila baada ya saa 100 za kuruka lazima ndege iingie kwa mafundi kukaguliwa, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni shule kuandikisha wanafunzi wengi huku ndege inayoruka ni moja. Nikiuliza, jibu lilikuwa "spea iko njiani." Spea ile ilikaa njiani mvua za vuli zikaanza hadi zikaisha. Ukirudi baada ya wiki kadhaa mikono imeshasahau, mwalimu anakurudisha nyuma masomo mawili, na saa za kurudia unalipa wewe. Kwa hiyo ukienda kutembelea shule, usiishie mapokezi kwenye kiyoyozi. Omba kuonyeshwa hanga, kisha tazama ubao wa zamu uone majina mangapi yamepangiwa ndege moja.

Sasa nyota tano za walimu. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto la nyuzi 25 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege hufanya kazi kama iko futi 8,000, na injini isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inapoteza kama robo ya nguvu yake. Mtu wa pwani hili hulijui mpaka likukute. Kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ambacho uwanja wa pwani ungekisukuma mpaka mwisho kabla ya kuruka, Wilson unafungua throto yote, yaani unaipa injini nguvu zote, halafu unakivuta taratibu huku jicho likiwa kwenye mizunguko ya injini. Inapanda, inapanda, inafika kilele. Hapo ndipo mahali pake. Ukikiacha ndani kabisa, injini inajaa mafuta na nguvu huzipati.

Siku moja tuliruka kwa njia ya kurukia namba 14 tangi zikiwa zimejaa, mbele yetu Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Lami ilikuwa inaisha na ndege bado nzito. Mkono wangu ukaanza kuuvuta usukani. Mwalimu akaweka vidole viwili juu yake, bila nguvu.

"Usiivute, mdogo wangu. Iache ipate mwendo kwanza."

"Kapteni, lami inaisha."

"Naiona. Pua chini."

Magurudumu yakaachia ardhi, akanishikisha pua pale pale chini mpaka sindano ya mwendo ilipopanda, ndipo tukaanza kupaa. Somo la kutua ni lile lile kwa upande wa pili: kipimo cha mwendo kinasoma noti 65 (maili za baharini kwa saa) kama kawaida, lakini kwa hewa nyepesi ardhi inapita chini yako kwa zaidi ya 70. Macho yanakwambia unakwenda mbio mno, unataka kupunguza. Mwalimu anakataa: amini kipimo. Nilipoipeleka ndege Ukunda mara ya kwanza, usawa wa bahari, ilivyopaa wakati wa kuondoka nilidhani wameibadilisha injini usiku.

Upande wa kazi, vipeperushi vya shule vimejaa picha za vyumba vya marubani vya ndege kubwa. Ukweli wa Wilson ni kwamba CPL ya saa 200 karibu kila kijana wa pale anayo. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inataka saa 1,500, na katikati hapo ndipo watu wanapokwama. Kazi ya kwanza wengi wanayoiota ni Caravan ya kwenda Mara: vumbi, viwanja vya udongo, kupita chini mara moja kuwatimua pundamilia kabla ya kutua. Wenye Caravan wanataka mtu aliyeidhinishwa kuirusha na mwenye saa zaidi ya zile za shuleni. Rafiki zangu wengine wanapakia mizigo na kuandika orodha za abiria katika kampuni za kukodisha ndege, wakisubiri kiti. Wengine, nikiwemo mimi, tumeona afadhali cheti cha ualimu wa urubani, saa ziongezeke huku mtu mwingine akilipia mafuta.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza kichukue kabla hujalipa hata shilingi ya karo. Kwa PPL daraja la pili linatosha, lakini kama nia yako ni kazi, yafaa ujue leo kama macho na moyo vitakubaliwa.

Na pesa usiilipe kwa mkupuo kwa tamaa ya punguzo. Ndege ilipolala hanga niliomba salio langu nihamie kwingine. Nikazungushwa kati ya mhasibu na meneja mpaka nikachoka, na kilichorudi kilikuwa kimekatwa "gharama za ofisi" ambazo hazikuwepo kwenye mkataba wowote niliosaini. Kwa walimu wale ningerudi kesho, nikilipa saa kwa saa. Cheti cha ualimu nakisomea shule nyingine, hapo hapo Wilson, na hii inatoza kwa tacho.