Kijitabu cha Orodha ya Shule Bora: Nilichokipata kwa Shilingi 350

Kila msimu wa kuchagua shule unapofika, vibanda vya vitabu mjini Kisumu hujaa vijitabu vinavyopanga shule za upili za Kenya, kuanzia ya kwanza hadi ya mia mbili, kwa kufuata matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili. Nilinunua kimoja karibu na steji ya mabasi kwa shilingi 350, wiki ambayo binti yangu wa Gredi ya 9 alitakiwa kuorodhesha shule 12 anazozipendelea. "Mama, hiki ndicho wazazi wote wanachukua," muuzaji aliniambia, "ukikisoma hutababaika tena." Nimekisoma chote, kurasa 64, tena nikiwa na kalamu na kikokotoo mkononi, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kuweka hesabu za chama cha ushirika na sijazoea kupokea jumla bila kuona ilikotoka.

Nianze na ubora wake, maana upo. Karatasi ni nzuri, maandishi yanasomeka bila kukaza macho, na kila shule imetajiwa kaunti yake, kama ni ya bweni au ya kutwa, na kama ni ya wavulana, wasichana au mchanganyiko. Kurasa za mwisho zina anwani za shule kwa mpangilio wa kaunti, zikiwemo shule ambazo hazikuingia katika orodha ya mia mbili. Mzazi wa Ahero, kama mimi, anayetaka kujua ni shule gani za wasichana zilizo Kakamega, Siaya au Nakuru atapata jibu kwa dakika mbili.

Lakini kijitabu hakiuzwi kwa sababu ya anwani. Kinauzwa kwa sababu ya ile namba ya nafasi iliyochapishwa kwa wino mzito upande wa kushoto, nayo ndiyo inayohitaji kuelezwa. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, humpa kila mtahiniwa alama ya jumla kuanzia A hadi E, na kila alama ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, ikishuka hivyo hadi C+ yenye 7, D yenye 3 na E yenye 1. Pointi za watahiniwa wote wa shule hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi yao, na hapo wastani wa shule hupatikana. Hesabu yenyewe haina kosa lolote. Kasoro iko katika kile kinachopotea humo ndani. Chukua shule mbili zenye watahiniwa 100 kila moja. Katika ya kwanza, wote 100 wamepata C+. Katika ya pili, 50 wamepata B+ na 50 wamepata D+. Zote mbili zina wastani wa 7 kamili, na kijitabu kingeziweka nafasi moja, ilhali C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa shahada. Shule ya kwanza imewafikisha watoto wote mlangoni. Ya pili imewaacha nusu yao nje. Mzazi hawezi kuliona hilo mahali popote katika kurasa hizi, kwa kuwa mgawanyo wa alama haukuchapishwa.

Idadi ya watahiniwa nayo haikuchapishwa, na hili ndilo lililonikera zaidi. Tuseme shule ndogo ina watahiniwa 40 na wastani wa 8.0, yaani jumla ya pointi 320. Ikiwa wanafunzi watano waliopata D hawangehesabiwa humo, zingebaki pointi 305 kwa watahiniwa 35, na wastani ungeruka hadi 8.71. Fanya vivyo hivyo kwa shule ya watahiniwa 400 yenye wastani uleule, na wastani wake utasogea hadi 8.06 tu. Katika orodha ambamo shule zinatenganishwa na sehemu ndogo za desimali, tofauti hiyo ya kwanza inaweza kuipandisha shule makumi ya nafasi. Si dhana tupu. Wizara ya Elimu iliposimamisha upangaji rasmi wa shule mwaka wa 2014, malalamiko mojawapo yaliyotajwa yalikuwa kwamba baadhi ya shule ziliwasajili wanafunzi dhaifu katika vituo vingine vya mtihani ili wastani wao ubaki juu. Siku hizi Waziri anapotangaza matokeo hutoa takwimu za taifa zima, bila orodha ya shule. Kwa hiyo orodha nyingi zinazosambaa hujengwa na watu binafsi na vyombo vya habari kutokana na matokeo wanayopewa na shule zenyewe, na shule iliyoanguka haina haraka ya kutoa yake. Kijitabu changu hakikueleza kokote kilikusanya vipi matokeo yake. Katika kazi yangu, hesabu isiyo na chanzo hurudishwa mezani kwa aliyeileta.

Kuna pia safu ya mishale. Mshale wa kijani unamaanisha shule imepanda ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, mwekundu unamaanisha imeshuka. Katika jedwali la 2022 na 2023 kurasa za mwanzo ni kijani karibu tupu, na maelezo ya pembeni yanawasifu walimu kwa juhudi. Sina nia ya kuwanyima walimu sifa zao. Hata hivyo, mwaka wa 2023 kanuni ya kukokotoa alama ya jumla ilibadilishwa. Awali hisabati, Kiingereza na Kiswahili zote zilihesabiwa kwa lazima, pamoja na sayansi mbili, somo moja la jamii na jingine moja. Tangu 2023 yaliyo ya lazima ni hisabati na lugha moja, kisha huongezwa masomo matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Waliopata C+ na zaidi nchini walitoka takribani 173,000 hadi zaidi ya 201,000 katika mwaka huo mmoja. Kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilika, na kijitabu hakikusema neno. Mfano wa zamani zaidi ni mkali kuliko huo: mwaka wa 2015 waliopata A nchini walizidi 2,600, na mwaka wa 2016, usimamizi wa mtihani ulipokazwa, walikuwa 141 tu.

Ili nisikihukumu kwa hesabu za mezani pekee, nilienda na binti yangu katika shule moja ya kutwa upande wa Nyando, isiyokaribia kabisa ile mia mbili. Naibu wa mwalimu mkuu alitufungulia daftari kubwa la jalada gumu, akafunika safu ya majina kwa karatasi, akatuonyesha safu mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya buluu: alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ambazo mwanafunzi aliingia nazo kati ya 500, na alama ya KCSE aliyotoka nayo. Nilifuata mistari kwa kidole. Aliyeingia na 214 ametoka na C+. Aliyeingia na 198 ana C. Mwingine aliyeingia na 231 ana B-. "Sisi hatumo kwenye hicho kitabu chako, mama," alisema bila uchungu, kisha akatueleza kuhusu wiki ambazo maji ya mto yalifika madarasani na masomo yakasimama. Shule za kitaifa kwa miaka mingi zilichukua hasa watoto waliopata zaidi ya 400, na ni jambo la kawaida kwamba mtoto wa 400 hutoka na alama ya juu. Safari ambayo mtoto ameipiga kutoka alikoanzia ndiyo kazi ya shule, na katika kijitabu hakuna hata mstari mmoja unaoipima.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi, binti yangu alifungua ukurasa mmoja akaniuliza, "Mama, hii ya nafasi ya 14 ina muziki?" Nilitafuta, sikupata. Katika mfumo mpya wa elimu mwanafunzi wa shule ya upili huchagua mkondo mmoja wa masomo. Yeye anataka mkondo wa Sanaa na Michezo, na kijitabu hakina safu inayoonyesha kama shule inafundisha mkondo huo, ule wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) au ule wa Sayansi ya Jamii. Isitoshe, KCSE ni mtihani wa mfumo wa zamani na ya mwisho inatarajiwa mwaka wa 2027, kwa hiyo mtoto huyu hataufanya kabisa mtihani ambao kurasa zote hizi zimejengwa juu yake. Kwa mnunuzi wa sasa nadhani upungufu huu unashinda ule wa desimali.

Anayetaka anwani na aina za shule anaweza kukinunua, ingawa shilingi 350 ni nyingi kwa kazi hiyo. Toleo lijalo nitalilipia zaidi ya hapo likichapisha idadi ya watahiniwa, mgawanyo wa alama kuanzia A hadi E, mikondo inayofundishwa na karo halisi. Kwa sasa nimezichana kurasa za anwani na kuzibana pamoja. Kati ya shule 12 tulizojaza, nne zilitoka humo baada ya kupiga simu na kuuliza kuhusu mwalimu wa muziki, na ile ya Nyando tumeiandika miongoni mwa shule za kutwa.