Stili ya pedali iliyotengenezwa kwa mkono, fundi wake hajulikani: nimeinunua, nimeifumua, nawapa ukweli wote

Wadau niliahidi nikimaliza kuifufua hii kitu ntaandika, basi leo naandika, na naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: sauti nyota tano, kazi ya fundi aliyeitengeneza nyota nne, muuzaji nyota moja, na hiyo moja nampa kwa sababu alifunga mzigo vizuri. Bei siitaji, mama watoto huwa anapita humu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, stili ya pedali ni gitaa ila haipakatwi kama la kawaida. Inasimama kwa miguu minne, wewe unakaa nyuma yake kama mtu aliyekaa mezani, mkono wa kulia umevaa kucha za kuchezea, wa kushoto umeshika kipande cha chuma cha mviringo kizito unakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza, mguu wa kushoto unakanyaga pedali za kubadilisha noti, wa kulia uko kwenye pedali ya sauti, na magoti yote mawili yanasukuma leva huku na huku. Yaani mwili mzima uko kibaruani. Mama watoto alivyoiona mara ya kwanza akauliza kwa nini nimenunua meza ya kupigia pasi yenye nyuzi, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Mimi ugonjwa huu niliupata kwa King Sunny Adé, yule mwanamuziki wa Nigeria. Watu wengi wakisikia stili wanawaza kantri ya Marekani peke yake, makofia na farasi, lakini sikiliza bendi yake ya miaka ya 1980 pale mpiga stili wake Demola Adepoju anapoingia katikati ya magitaa na zile ngoma zinazoongea, ile sauti inayoteleza kama mtu anayeguna kwa raha, ndo hiyo. Nikaanza kufuatilia imetoka wapi nikarudi hadi Hawaii kwa Joseph Kekuku, kijana anayetajwa kuwa ndo alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi mwishoni mwa karne ya 19. Pedali zilikuja baadae sana. Na hapo ndo utamu wa hadithi kwa mtu anayependa vitu vya mkono, kwa sababu Paul Bigsby kule Downey, California alikuwa anazitengeneza mwenyewe kwa oda, mpiga stili Speedy West akapata yake 1948, mwenzake Bud Isaacs nae alikuwa na ya Bigsby na akakanyaga pedali huku noti bado inalia kwenye wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce uliotoka 1954, na baada ya hapo kila mpiga stili wa Nashville, jiji la kantri, akawa anataka pedali. Baadae wapiga stili Shot Jackson na Buddy Emmons wakaungana wakaanzisha kampuni ya Sho-Bud (jina lenyewe ni Shot na Buddy wameshikana mikono), kisha Emmons akaenda kutengeneza zenye jina lake.

Sasa hizo zenye majina makubwa zikitokea sokoni mtu wa kipato changu anaangalia picha tu na kufunga simu. Ila pembeni ya hao wakubwa kulikuwa na mafundi wa mitambo, watu wenye mashine ya kukereza vyuma na sikio zuri, waliotengeneza chache kwenye karakana zao na hawakutengeneza tena. Yangu ni ya hao. Haina kibao cha jina, kuna matundu mawili madogo tu ya skrubu pale kibao kilipokuwa.

Niliipata kwenye tangazo. Picha sita, zote za juu. Mbao ya mepo (maple) yenye madoa kama macho ya ndege, inang'aa, nyuzi 10, pedali tatu, leva nne za magoti, mate yakanitoka. Nikaomba picha ya chini. Muuzaji akajibu "chini kuko kama juu kaka, kila kitu kinafanya kazi, ni kuitoa kwenye kesi na kupiga". Nikaomba tena, akasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Hapo mtu mwenye akili anaachia, mimi nikatuma hela. Mbuzi kwenye gunia kabisa, tena gunia nimelifunga mwenyewe.

Kwenye stili ile sura ya juu ni mapambo. Chombo chenyewe kiko tumboni. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta mhimili unaopita chini ya gitaa, mhimili una vikono vidogo vya chuma tunaviita kranki, kila kranki inavuta ufito mwembamba unaokwenda hadi kwenye chenja, na chenja ni safu ya vidole vya alumini, kila uzi umelala juu ya kidole chake. Kidole kikizunguka kidogo uzi unakaza, noti inapanda. Kikilegezwa, inashuka. Sasa kwa mpangilio wa nyuzi unaoitwa E9, ambao ndo huu wangu, pedali ya kwanza inapandisha nyuzi za 5 na 10 kutoka B kwenda C kali (C#, nusu toni juu ya C), ya pili inapandisha za 3 na 6 kutoka G kali kwenda A, ukikanyaga zote mbili kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E inageuka A bila mkono wa kushoto kusogea hata nywele. Ni uchawi ule. Ukiupata siku moja hulali.

Ya kwangu nilivyokanyaga pedali ya kwanza uzi wa 5 ukapanda vizuri, nikaachia, haukurudi. Ukabaki huko huko juu kama mtoto aliyepanda mwembe akaogopa kushuka. Nikaigeuza miguu juu.

Aisee. Oili ya miaka na miaka imekauka imekuwa kama ulimbo, nywele za paka, kijipande cha karatasi, nati za nailoni tatu zimepasuka, na kranki moja imekatika na kufungwa na waya. Waya ule ule wa kufungia magunia. "Chini kuko kama juu." Nilikaa pale sakafuni kama dakika kumi nacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyepigwa.

Basi nikaanza kufumua. Ushauri kwa atakayefuata: usifungue skrubu hata moja kabla hujapiga picha za kutosha, alafu chukua karatasi kubwa uchore ramani, ufito upi unatoka kranki ipi, tundu la ngapi, unakwenda kidole kipi. Mimi nilitumia boksi za mayai kuhifadhi vipande, kila shimo nimeandika namba. Wiki mbili za jioni jioni. Na katika kufuta uchafu ndo nikakutana na fundi mwenyewe. Kwenye mbao, chini ya kila mhimili, kuna namba za penseli, mwandiko wa kulalia upande, na kwenye mmoja ameandika 6, akaikata, akaandika 5, na pembeni yake kuna tundu alilotoboa pasipostahili akaliziba kwa kijiti cha mbao ile ile ya mepo, amekisugua mpaka ukipitisha kidole hukisikii, unakiona tu kwa sababu nyuzinyuzi za mbao zinakwenda upande mwingine. Hakuna mtu angeona kule chini. Angeweza kuliacha wazi. Nyota nne nilizompa zimetoka hapo, ya tano nimemnyima kwa sababu ya kranki, ntaeleza.

Chenja nililoweka kwenye mafuta mepesi ya kusafishia, yale ya viberiti vya zamani vya utambi, dirisha wazi na mbali na moto. Msiimwagie oili nzito ya mashine mkidhani mnasaidia, hiyo ndo inakuja kuwa ulimbo. Ulimbo ukatoka, vidole vikaanza kucheza. Sehemu ya juu ya kila kidole pale uzi unapolala kulikuwa na mfereji, na mfereji huo ndo unakula mlio, noti inakufa mapema na uzi unakatika pale pale. Nikasugua na msasa wa 400, nikaenda 600, nikamaliza na 1000 na kitambaa chenye dawa ya kung'arisha. Kazi ya kijinga, inachosha mabega, vidole kumi kila kimoja nusu saa. Ila hapo ndo nilipoipata nusu ya sauti ninayoisifia.

Kranki sasa. Gitaa la kiwandani unaagiza spea. La mkono spea haipo duniani, kila kipande kilitengenezwa kwa ajili ya hiki chombo tu, na huyu mzee hakutumia skrubu zenye nyuzi za kawaida, mbili kati ya tatu hazikubali nati yoyote niliyonayo, ndo maana nikamnyima ile nyota. Nikampelekea fundi wa kukereza, mtu wa vipuri vya pampu, hajawahi kuona stili maishani mwake. Akaigeuzageuza, akauliza "hii inavuta nini?" Nikamwambia inavuta wimbo mzee wangu. Akaniangalia. Siku tatu baadae akanipa kranki safi ya alumini, pembe zimezungushwa vizuri, ila matundu aliyatoboa kama milimita mbili mbali zaidi na mhimili kuliko ya zamani. Unaona ni kitu kidogo. Ukanyage sasa: tundu likiwa mbali linavuta sana na mguu unaona uzito, basi uzi wa 5 ukawa unafika C kali na kugonga mwisho wakati wa 10 bado uko njiani. Nikarudi, akacheka, akatoboa upya bila kunitoza. Huyo nyota tano na ningekuwa na sita ningempa.

Pikapu (sio gari jamani, ni sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mlio wa nyuzi) ilikuwa imekufa, mita haisomi kitu, waya wa ndani umekatika. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele na unazungushwa maelfu ya mizunguko kwa hiyo sikujaribu, nikatuma kwa anayesuka pikapu, imerudi inasoma kama kilo-omu 18, nzito kuliko ya gitaa la kawaida, ndivyo stili zinavyotaka. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyoahidi na simu hapokei, ila kazi safi. Vanishi sikugusa. Mikwaruzo yote imebaki, na alama ya kikombe cha moto upande wa kulia imebaki vilevile.

Inalia je? Nimeweka nyuzi mpya, nikatyuni, na kutyuni kwenyewe ni darasa maana ukifuata tyuna kila noti ikae katikati kodi zinasikika chachu, wapigaji wengi wanashusha kidogo zile G kali, na kihesabu tatu kubwa (umbali wa kutoka E hadi G kali) iliyo safi inakaa kama senti 14 chini ya pale tyuna inapotaka (nusu toni moja ina senti 100). Nikakanyaga pedali mbili za mwanzo taratibu. Jamani. Katikati ni laini kama uji, juu ina ung'avu bila kuchoma sikio, na noti inadumu, unaitoa, unaweka kahawa chini, unarudi bado ipo. Naongeza chumvi lakini sio sana. Kasoro ipo: ukikanyaga pedali mbili mwili wa gitaa unajipinda kidogo na uzi wa 4 ambao haujaguswa unashuka senti kama 5. Ilikuwa 9 kabla sijakaza skrubu za sahani ya mwisho. Stili nyingi za zamani zina ugonjwa huo, sikio linazoea.

Kingine, uzi wa 3. Ni mwembamba kuliko wote, inchi 0.011, umevutwa hadi G kali, na ajabu yake ni kwamba uko wa tatu lakini sauti yake iko juu kuliko wa kwanza. Unakatika. Nimeshakata minne. Nunua kwa dazani, usinunue kwa seti.

Anayetaka kujifunza kupiga asinunue kitu kama hiki, atafute ya kiwandani ya kisasa yenye spea, apige. Hii ni ya mtu ambaye akipewa alenkii na jumamosi yake anafurahi zaidi ya kupewa jukwaa. Na ukiona tangazo, picha ya tumboni kwanza. Wakikuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, muache aje.

Muuzaji nilimtumia picha ya ule waya. Akajibu na emoji ya dole gumba.

Kesi bado inanuka sigara. Nimejaza magazeti na mkaa, hii wiki ya tatu.